Injini moja ikizimika juu ya bahari

Dada, nimekuelewa: unampeleka mama Mumbai kutibiwa, ndege ina injini mbili tu, na unawaza moja ikizimika katikati ya bahari itakuwaje. Nimefanya ufundi wa ndege hapa Dar miaka mingi, na hofu hiyo naijua.

Kabla ya kupaa marubani hukokotoa mwendo wa uamuzi. Injini ikifa kabla ya kuufikia, wanafunga breki. Ikifa baadaye, wanapaa na iliyobaki, maana ndege haipewi kibali mpaka ithibitike inaweza. Pua huvutwa upande wa injini iliyokufa, basi rubani hukanyaga pedali ya upande wa pili na kuishikilia hapo mpaka ndege inyooke. Ikitokea huko juu kabisa, hushuka taratibu hadi kimo ambacho injini moja inakimudu, kisha huelekea uwanja wa karibu unaofaa. Njia ya baharini hupangwa hivyo tangu chini, kwa kuhesabu dakika za kufika uwanja kwa injini moja. Februari 2021 Boeing 777 iliyotoka Denver ilipasuka injini ya kulia. Ikarudi ikatua, watu wote 241 salama.

Mkanda usifunguliwe ovyo hata taa ikizimwa. Mkiamriwa kutoka, acheni mabegi.

Mimi namhofia zaidi mama. Kama ana shida ya moyo au mapafu, au amepasuliwa hivi karibuni, muoneni daktari wake kabla ya kukata tiketi. Oksijeni ndani ya ndege huwa pungufu kuliko huku chini.