Jibu: Mashua ya tanga aliyoacha babu, Mbita

Mkuu, umeuliza kama tanga la pembetatu la mashua ya marehemu babu ni la asili ya huku Ziwa Victoria, na uitunze vipi. Tanga hilo lilitoka pwani, foromali (mti unaoshika tanga) na vyote. Ni ukoo mmoja na majahazi ya Lamu. Zamani huku kulikuwa kupiga kafi tu. Mitumbwi ya Sesse, upande wa Uganda, ilishonwa mbao kwa mbao kwa nyuzi za mimea, bila msumari.

Sasa yako: usiianike juani! Wengi huua chombo wakidhani wanakikausha. Mbao husinyaa, pamba ya kalafati (inayoziba nafasi kati ya mbao) hulegea, na ukiirudisha majini inavuja kotekote. Iweke kivulini juu ya magogo, mkuku (uti wa chini wa chombo) usiguse udongo, maana mchwa hawana huruma. Kabla fundi hajagusa kitu, pima mataruma (mbavu za ndani za chombo) na upige picha. Mafundi wengi hujenga kwa jicho, bila mchoro. Ubao uliooza ubadilishwe huo peke yake. Kama ni mvule, tafuta mvule, ingawa siku hizi mfuko utalia. Tanga likunjwe likiwa kavu kabisa.