Ndugu anaumwa akili na hataki hospitali: maswali yenu kutoka California

*Kaka yangu anasikia sauti, dawa hataki. Nikiita msaada, watamlaza kwa nguvu?*

Pole sana, dada. Kuumwa peke yake hakutoshi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 1975, katika shauri la Kenneth Donaldson, aliyefungiwa hospitali huko Florida karibu miaka 15 ilhali hakuwa hatari kwa mtu. Kwa California, kifungu cha sheria cha 5150, kinachoruhusu kumlaza mtu bila ridhaa yake, kinataka ugonjwa uwe umemfanya awe hatari kwa nafsi yake, au kwa wengine, au ashindwe kabisa kujitunza: chakula, mavazi, pa kulala, usalama wake au matibabu ya lazima. Basi ukipiga simu usiishie kusema "amechanganyikiwa". Eleza ulichokiona: hajala siku tatu, amesema atajirusha darajani. Na kama hana silaha wala hajamtishia mtu, anza na namba 988, simu ya msaada wa dharura za afya ya akili, uulize kama kuna timu ya afya ya akili inayoweza kufika. Polisi wenye bunduki mbele ya mtu anayesikia sauti, mimi naogopa.

*Wameshamchukua mume wangu. Atatoka lini?*

Saa 72 ndiyo mwisho wa awamu ya kwanza. Akitulia mapema, anatoka mapema. Wakitaka kumwongezea siku 14, lazima shauri lake lisikilizwe ndani ya siku nne, na ana mtu wa kumtetea bure. Anaweza pia kuomba kufika mbele ya jaji. Kulazwa si kulazimishwa dawa: bila dharura, akizikataa, ni lazima kwanza kikao kiamue kama ana uwezo wa kuamua mwenyewe.

*Hospitali hawaniambii chochote kuhusu mama.*

Siri ya mgonjwa inawazuia kusema, haiwazuii kusikia. Andika historia yake kwenye karatasi, dawa zilizomfaa na zilizomdhuru, uwakabidhi. Sheria ya California inawataka waizingatie.

*Mama hajui Kiingereza. Mwanangu wa miaka 12 amtafsirie?*

Hapana, tafadhali. Dai mkalimani, ni bure, na sema wazi kama ni Kiswahili cha Bukavu au cha Mombasa. Mama akimwambia daktari "nimechoka na hii dunia", hayo maneno machache yanaweza kuamua kama atalala nyumbani au wodini. Mtoto asibebeshwe kuyatafsiri.