Usichague kwa Namba ya Shoga Yako

Nilikwenda kwa daktari na namba yangu kichwani: 450. Niliitoa kwa shoga yangu, ambaye vipandikizi vyake vya matiti vya cc 450 vimemkaa utadhani kazaliwa navyo. Mimi nimenyonyesha watoto wawili, matiti yamenywea yakabaki ngozi, basi nikaona nami nastahili 450. Daktari hakubishana. Alichukua rula, akapima upana wa titi langu pale linapoota kifuani: sentimita 12. Kisha akauliza, "Mama, huyo shoga yako ana sentimita ngapi?"

Nikabaki namtazama.

Cc ni ujazo tu. Cc 350 kwenye kifua chembamba ni matiti makubwa. Kwenye kifua kipana watu wanaweza wasijue kama umefanya kitu. Cha kwanza ni upana. Kipandikizi kikizidi upana wa titi lako, kinakimbilia kwapani au vyote viwili vinasogeleana katikati, na dawa yake ni kisu tena. Upana ukijulikana, ndipo mnajadili kichomoze kiasi gani mbele: cha sentimita 12 kipo cha bapa, cha wastani na cha kuchomoza sana, na ujazo unapanda hapo. Daktari alinifinya pia nyama ya juu ya titi. Haikufika sentimita 2, akasema vitakaa chini ya msuli ili kingo zisionekane.

Aliniachia nafasi kati ya 300 na 350. Nikarudi nyumbani kupima mchele, niujaribu ukubwa huo mwilini kabla ya kisu.

Cc moja ni mililita moja, kwa hiyo chupa ya maziwa ya mtoto yenye mistari inatosha kabisa. Nilipima mchele, nikaumimina kwenye soksi za nailoni, nikafunga fundo, nikabandika ndani ya sidiria isiyo na sponji, juu nikavaa fulana ya kubana. (Dera halifai kwa kazi hii, linaficha kila kitu.) Nilipika, nilifua, nilipanda daladala. Kwa 350, kufika jioni mabega yalikuwa yanalalamika, na mchele ni mwepesi kidogo kuliko silikoni, ile jeli iliyomo ndani ya vipandikizi. Siku ya pili soksi moja ikatoboka nikiwa naosha vyombo. Mwanangu akauliza, "Mama, mbona unatoka mchele?"

Nikachagua 325. Kwa pamoja ni kama gramu 650, na unazibeba hata ukilala.

Usimwambie daktari "nataka D". D ya sidiria hii ni C ya ile. Peleka picha za wanawake wenye kifua na mwili kama wako, na picha moja au mbili za usichokitaka. Picha ya nisichokitaka ndiyo iliyonisaidia zaidi.

Halafu jiandae kwa moyo kugeuka. Wiki za kwanza baada ya upasuaji vimekaa juu, vigumu, vimevimba, nikalia kwamba ni vikubwa mno. Uvimbe uliposhuka nikaanza kunung'unika kwamba ningechukua 375. Vinachukua miezi mitatu hadi sita kutulia, na kabla ya hapo usiamini kioo. Sasa nashukuru sikuongeza, maana uzito unavuta ngozi, na ngozi yangu ilishavutwa na watoto wawili.

Na havidumu maisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri vya silikoni vipigwe picha ya MRI au utrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. Hela hiyo iweke kwenye hesabu zako mapema.

Kabla hujatoka hospitali, dai kadi yenye aina, ukubwa na namba ya kila kipandikizi. Yangu iko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.