Kubeba boksi kiangazi ukiwa masta Uingereza
Mkuu umeuliza kama kiangazi, kuanzia Juni, unaweza kupiga boksi (vibarua vya ughaibuni) muda wote bila kikomo cha saa, ukiwa masta ya biashara ya mwaka mmoja kwa viza ya mwanafunzi: hapana, huruhusiwi. Wenzako wa digrii ya kwanza wako likizo, wewe uko kwenye tasnifu, na hiyo inahesabiwa muda wa masomo, kwa hiyo kazi mwisho saa 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Mimi ghalani nilikoomba kazi walidai barua ya chuo yenye tarehe za mihula kabla ya kunipangia shifti hata moja. Kozi ikifika tarehe yake ya mwisho, viza ikiwa bado hai, hapo ruksa muda wote. Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu ndiyo usahau kabisa. Huko ni kujiajiri, viza ya mwanafunzi inakataza.