Kampavani, Watoto na Nchi za Watu: Maswali Yenu Yamejibiwa

Tangu tugusie safari za kampavani, yaani magari ya kulala yenye vitanda na jiko ndani, maswali yameingia mengi kweli na karibu yote yanatoka kwa wazazi. Nimeona bora nijibu machache kwa urefu kuliko kuyagusa yote juujuu, maana ukishakuwa na watoto ndani ya gari, kitu ulichokipuuza wakati wa kupanga kinakuja kukusumbua saa tano usiku mko katikati ya nchi usiyoijua.

SWALI: Habari Anti. Mimi na mke wangu tuna watoto 3, wa miaka 7, miaka 4 na kachanga ka miezi 10. Tunataka kukodi kampavani Amsterdam kwa wiki 2, tuzunguke Paris, Geneva, Milan, Vienna, Berlin halafu turudishe gari Amsterdam. Tumeona moja onlaini imeandikwa inalala watu 6, bei imekaa vizuri na picha zinavutia mno, mke wangu anasema tulipie kabla haijachukuliwa. Tulipie?
Baba wa Watatu

JIBU: Baba, usilipie kwanza. Hiyo "inalala watu 6" ni hesabu ya vitanda, na kitanda hakimlindi mtoto gari likiwa barabarani. Waulize kuna siti ngapi zenye mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, na kila siti inaangalia wapi. Yapo magari yenye vitanda 6 na siti 4 tu za kusafiria, nyie mko 5, sasa huyo wa tano atakaa wapi? Siti za ubavuni, zile zinazotazama upande, kiti cha mtoto hakifungwi pale hata kama mkanda upo. Na mkanda wa kiunoni peke yake, ambao magari ya zamani wanao sana huku nyuma, viti vingi vya watoto havifungiki nao.

Kachanga ndio kanahitaji umakini zaidi. Kiwango kipya cha viti vya watoto Ulaya, kinaitwa R129, kinataka mtoto asafiri akiangalia nyuma mpaka apite miezi 15, na kiti kinachoangalia nyuma ni marufuku kukiweka siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) iliyowashwa. Viti vingi vya aina hiyo vina mguu unaoshuka mpaka sakafuni, sasa shida ni kwamba kampavani nyingi chini ya meza kuna boksi la kuwekea mizigo limefunikwa na kifuniko tu, mguu ukikanyaga juu ya uwazi ule, gari likigongwa kifuniko kinaweza kubonyea na kiti chote kikaenda mbele. Kwa hiyo waandikie, omba picha ya sakafu na picha ya mikanda, uliza kama kuna ISOFIX, zile ndoano za chuma za kufungia kiti cha mtoto, huko nyuma. Kampuni makini itakutumia siku hiyohiyo, ikianza kukuzungusha tafuta nyingine. Na huyo wa miaka 7 usimsahau, Ujerumani mtoto anatakiwa kiti chake mpaka atimize miaka 12 au avuke sentimita 150, yaani wote watatu wanahitaji viti, na viti vitatu mara nyingi havienei kwenye benchi moja.

Kingine ni uzito. Leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, kule Ulaya inaishia kilo 3,500, na hizo ni pamoja na watu, mizigo, gesi na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, tanki la lita 100 likijaa ni kilo 100 umeziongeza bila kuona, weka baiskeli, weka kigari cha mtoto, weka masanduku, ghafla umezidisha na polisi wakikupima faini ni yako wewe dereva, kampuni haimo. Uliza gari likiwa tupu linabaki na kilo ngapi za kubeba.

Sasa njia. Nimepima mzunguko wenu, unakaribia kilomita 3,500, kwa siku 14 ni kilomita 250 kila siku bila hata siku moja ya kupumzika, na kampavani haikimbii kama gari dogo, na mtoto wa miezi 10 hatakiwi kufungwa kwenye kiti masaa mengi mfululizo. Halafu yote mliyochagua ni majiji makubwa, mahali ambapo gari la namna hii ni mzigo: paking za ghorofa nyingi zinaishia mita 2 hivi na kampavani ya kawaida inavuka mita 2 na nusu, na Ujerumani kuna miji huingii katikati bila stika ya hewa safi kwenye kioo. Mimi ningeshuka Koblenz, Ujerumani, nikaufuata mto Mosel mpaka Trier, kama kilomita 190 tu za kando ya maji, njia za baiskeli ni tambarare, majumba ya kale juu ya vilima, vituo vya kampavani kila baada ya vijiji vichache. Kutoka Trier unaingia Luxembourg ni karibu kabisa, unarudi Amsterdam kupitia milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Safari nzima haifiki kilomita 1,200. Lala kila sehemu angalau usiku 2, siku ya kuendesha usivuke masaa 3, na hayo masaa 3 yapange yaangukie usingizi wa kachanga. Watoto hawatakumbuka mmevuka mipaka mingapi. Vienna na Milan ziendeeni kwa treni siku nyingine.

SWALI: Anti, mimi ni mama wa wawili, baba yao haendi anabaki na kazi. Nataka kwenda nao nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, na pia Uingereza kwa gari la kulala. Makaratasi yananichanganya, nianzie wapi?
Mama Mapacha

JIBU: Mama Mapacha, anza na barua ya ridhaa ya baba, isainiwe mbele ya wakili au mthibitishaji, iandike tarehe, nchi na namba za paspoti za watoto, uibebe pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Maafisa wa mpakani wanaogopa sana habari za watoto kuvushwa bila mzazi mwingine kujua, na wana haki kuogopa. Bila barua mnaweza kusimamishwa masaa huku watoto wanalia, au mkarudishwa.

Viza ya Schengen kila mtoto anajaziwa fomu yake. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, unaweza kuanza miezi 6 kabla na usisubiri zibaki chini ya siku 15, na bima ya safari inatakiwa iwe ya kuanzia euro 30,000. Uingereza haimo Schengen, ina viza yake, sasa ukitoka Schengen ukaenda Uingereza ukataka kurudi hakikisha viza yako ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Hapa watu wengi wanakwama.

Leseni: chukua kibali cha kimataifa cha kuendesha gari kabla hujasafiri, kinatolewa nchi iliyokupa leseni, na hakifanyi kazi bila leseni yenyewe, tembea navyo vyote viwili. Kuna cha mkataba wa 1949 kinachodumu mwaka 1 na cha mkataba wa 1968 kinachoweza kufika miaka 3, na kila nchi ina inachokitambua, Japani kwa mfano inataka cha 1949. Na umri wako uangalie, kampuni nyingi za kampavani hazikodishi kwa dereva wa chini ya miaka 21, nyingine 25. Mwisho, waambie kwa maandishi nchi zote unazotaka kuingia nalo, maana ukivuka mpaka usioruhusiwa kwenye mkataba bima inakufa palepale.

SWALI: Si ndio raha ya kampavani kulala popote bure? Kwa nini tulipie kambi?
Kijana wa Barabara, mtoto 1

JIBU: Mdogo wangu, inategemea uko wapi. Aisilandi ilibadilisha sheria mwaka 2015, gari la kulala linatakiwa likeshe kwenye kambi au mahali ulipopewa ruhusa. New Zealand kuna sheria ya mwaka 2011 ya kulala huru, lakini maeneo mengi wanataka gari lenye cheti cha kujitosheleza, yaani lina maji yake, choo chake na tanki la maji machafu, na tangu mabadiliko ya 2023 choo lazima kiwe kimefungwa imara ndani ya gari, cha kubebeka mkononi hakitoshi. Norway ndio watu wanaisifia, sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea na kupiga hema porini umbali wa mita 150 kutoka nyumba ya mtu, ila hiyo ni haki ya miguu na hema, kutoa gari nje ya barabara hairuhusiwi.

Na kwa kuwa una mtoto nitakwambia ukweli wangu: kambi yenye bafu la maji moto, mashine ya kufua na uwanja wa kucheza ina thamani kuliko hela unayookoa. Mtoto akishakaa kwenye kiti masaa 2 anahitaji kukimbia, na pembeni ya barabara hakuna pa kukimbilia. Ukitaka, changanya, usiku 2 kambini, usiku 1 kwenye kituo rahisi cha magari, Ufaransa na Ujerumani vimejaa vituo vya hivyo.

SWALI: Mke wangu anaogopa gesi na choo. Nimtulize vipi?

JIBU: Choo ni rahisi, kaseti yake, yaani tanki la uchafu linalochomolewa, inabeba kama lita 18, kwa familia ya watu wanne inajaa baada ya siku 2 hivi, unaimwaga sehemu maalum kambini, na asiyetaka achague kambi zenye vyoo vizuri hicho cha ndani kibaki cha usiku. Maji machafu ya sinki yana tanki lake, hayamwagwi njiani.

Gesi usimtulize, mkeo ana sababu. Mwende pamoja siku ya kuchukua gari mkaonyeshwe valvu ya kufungia, na muulize alamu ya kabonimonoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto, iko wapi kisha mbonyeze kitufe muisikie ikilia. Hewa hiyo haina harufu. Jiko la kupikia kamwe lisiwe hita ya kupashia watoto joto usiku, hata baridi iwe kali vipi, na mkipika fungueni dirisha. Mkienda nchi ya baridi muombe mtungi wa propeni, maana gesi ya aina nyingine, biuteni, inakaribia kugoma ikifika nyuzi 0 wakati propeni inafanya kazi mpaka chini sana. Kabla ya kujaza mafuta au kuingia kwenye feri, gesi inafungwa.

SWALI: Mwanangu anatapika kwenye gari dogo, kampavani itakuwaje?

JIBU: Huwa ni mbaya zaidi akikaa nyuma kabisa, gari linayumba na madirisha yako juu haoni njia. Muweke siti inayoangalia mbele anakoweza kuona mbali nje, tableti na vitabu viwekwe pembeni barabara ikiwa na kona, na milima igaweni vipande vifupi. Dawa muulize daktari kwa umri wake na mjaribu mapema kabla ya safari.

SWALI: Ndege yetu inatua saa 3 asubuhi na gari tunachukua saa 7 mchana, siku hiyo tufike wapi?
Baba Pacha

JIBU: Msifike popote. Kambi ya karibu, nusu saa kutoka hapo, imebukiwa mapema, mnunue chakula, mlale. Umetoka kwenye ndege na watoto hukulala, gari ni pana hujalizoea na pengine unaendesha upande wa barabara ambao si wako, hiyo siyo siku ya kutafuta milima. Kabla ya kutoka chukua video ya gari lote nje na ndani, mikwaruzo, matairi, paa hasa, maana bima nyingi za kukodi paa na chini ya gari hazimo, na kadi yako itashikiwa dipoziti kubwa. Aisilandi chunga na milango, upepo kule unaing'oa mlango kabisa na uharibifu huo mara nyingi haulipwi, watoto wasifungue wenyewe. Andika kimo, upana na uzito wa gari kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani, kwa mita na kwa futi, ramani ya simu haijui kama daraja la kupita chini yake mbele yako lina kimo kidogo. Na umwombe anayekukabidhi asubiri mpaka umefungua kitanda cha watoto mwenyewe, umewasha hita mwenyewe, umefunga viti vya watoto mwenyewe ukavitikisa, ndio asaini na wewe usaini.