Mbuyu uko ndani ya ploti yangu, naukata ama nitashikwa?

SWALI: Assalam aleikum dada wa maswali. Mimi niko Kilifi, nimejenga kwa shamba alilotuachia babu na kuna mbuyu mkubwa kama hatua kumi hivi kutoka jikoni. Juzi tawi limeanguka likavunja mabati ya choo, na mizizi naona ndo imepasua tangi la maji la chini. Kuna fundi ana msumeno wa mashine anasema nimpe elfu kumi na tano, siku mbili kwisha. Sasa jirani ananiambia nikigusa mbuyu naingia ndani, serikali ilikataza tangu ile mambo ya wazungu wa mibuyu. Mjomba naye anasema taito ni yetu kwa hivyo mti ni wetu, na marufuku ya kukata miti Ruto alishaiondoa. Nimsikize nani?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Waaleikum salaam kaka, na pole ya choo. Jirani ana robo ya ukweli na mjomba ana robo yake, na hizo robo mbili hazijazi kibaba.

Tuanze na hao wazungu. Mwaka 2022 mibuyu minane iling'olewa na mizizi yake huko huko Kilifi ipelekwe kwa bustani moja nchi ya Georgia. Wenye mashamba walikuwa wamekubali wakalipwa. Novemba Rais akaamuru Wizara ya Mazingira ichunguze kama leseni zilifuata Itifaki ya Nagoya, ile inayosimamia mimea ya nchi inavyochukuliwa na wageni na wenyeji wanapata nini. Yaani kelele yote ilikuwa ya kusafirisha nje, haikuwa ya mtu aliyeangukiwa na tawi chooni kwake. Na marufuku anayosema mjomba ni ya Februari 2018, ilikuwa ya misitu ya umma na ya jamii (aliyeitangaza ni Ruto akiwa Naibu wa Rais, na ni yeye huyo huyo Julai 2023 akasema imeondolewa, dunia hii bana). Shamba la babu si msitu wa umma, kwa hivyo kuondolewa kwake hakukupi wewe ruhusa yoyote.

Cha kuangalia kwanza ni mti wenyewe ni gani. Sheria ya misitu ya 2016 inampa Rais uwezo wa kutangaza aina fulani ya mti inalindwa, nchi nzima au sehemu tu, hata ukiwa umeota katikati ya ua wako. Msandali ulipigwa marufuku hivyo 2007 na watu mpaka leo wanashikwa na magunia yake. Mbuyu hakuna asiyeujua, lakini kwa miti mingine usiende ofisini na jina la kijijini peke yake manake jina moja kijiji cha pili ni mti mwingine kabisa, chukua kitawi chenye majani, tunda kama lipo, na picha ya gome kwa simu. Ofisi ni ya Huduma ya Misitu, KFS, Kilifi wapo. Uliza hivi: aina hii inalindwa? Na huu wangu hasa je? Hayo ni maswali mawili. Mugumo ni mti wa kawaida, lakini ule wa Waiyaki Way Nairobi, barabara ya juu ilipokuwa inajengwa, Novemba 2020 ulitolewa amri ya kuulinda peke yake na barabara ikabidi iukwepe.

Pili, umesimama kwa ardhi ya nani. Hapa ndo watu wengi huumia. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikata mwarobaini mbele ya duka lake, chifu alimwambia kwa mdomo tu "kata", kumbe ule mti ulikuwa ndani ya eneo la barabara. Gogo lilizuiwa likakaa pale miezi miwili watoto wanalikalia wakila mabuyu. Kwa hivyo tafuta mawe ya mpaka na ramani ya shamba kabla hujamtafuta fundi. Na kwa sababu uko Kilifi, uzunguke huo mbuyu polepole uangalie mashinani. Ukiona vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa, kigae chenye majivu ya ubani, chupa ya marashi, usiguse kwanza, nenda kwa wazee. Makaya ya Mijikenda, ile misitu yao mitakatifu, mengi ni turathi ya taifa, mengine yako kwa orodha ya UNESCO tangu 2008, na mpaka wa kaya hauonekani kwa macho ya mtu mgeni. Hapo wa kuulizwa ni Makavazi ya Taifa, si misitu peke yake.

Ukiambiwa sawa, omba karatasi. Iandikwe aina ya mti, mingapi, namba ya ploti na tarehe. Barua ya chifu inasaidia lakini haisimami badala ya ile ya KFS, na gogo likitoka shambani kwa lori linataka karatasi yake nyingine. Pia kumbuka kanuni za 2009 zinataka shamba liwe na miti asilimia 10, so afisa wa misitu anaweza kukwambia upande miti mingine.

Sasa mimi binafsi kaka, hata ukipewa ruhusa, huyo fundi wa siku mbili sina imani naye. Mbuyu ndani ni nyuzinyuzi na maji, si mbao, na mara nyingi katikati una pango, huwezi kujua utaangukia wapi. Na huuzi ubao hata mmoja. Mlipe mtu apunguze matawi ya upande wa choo, tangi lihamishe, utakuwa umetumia pesa kidogo na mabuyu unaendelea kula.

SWALI: Dada, nimenunua ploti Mtwapa karibu na maji, mikoko imenizibia upepo. Hii si imejiotea tu? Naweza kufyeka?
Mnunuzi, Mombasa

JIBU: Usithubutu. Mikoko ya pwani yote ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, iwe mkandaa, mchu au mlilana, iwe imejiotea au imepandwa. Hata wakataji wa Lamu wanaouza boriti na mazio (miti ya mikoko ya kujengea) hukata kwa leseni, na 2018 wao pia walisimamishwa. Na kama mikoko iko ndani ya mipaka uliyoonyeshwa, basi nina wasiwasi na hiyo ploti kuliko upepo, manake panapojaa maji ya bamvua hapauzwi. Mtafute mpimaji akuonyeshe mawe kabla hujamaliza kulipa.