Kwa Unayetaka Kuchunguza Milipuko ya Gama Ukiwa Mbeya

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya, mwaka wa tatu wa fizikia, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kufanya utafiti wa milipuko ya miale ya gama, ila huku hatuna hata darubini. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa kuwa najua mko wengi.

Darubini isahau. Milipuko hii ni mimweko mikali ya miale ya gama inayotoka mbali angani, na kila mmoja mara nyingi huacha nyuma yake mng'ao wa eksirei unaofifia; huo ndio tutakaoufuata. Gama na eksirei za angani hazipenyi angahewa. Hata ungekesha kileleni Rungwe na darubini ya mabilioni, usingeziona. Vyombo vyote vya kazi hii vinazunguka huko juu, na mtafiti wa Ulaya anapakua data kama utakavyopakua wewe ukiwa Uyole kwa bando la usiku. Data za Swift, setilaiti ambayo NASA waliirusha Novemba 2004, ni za bure. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kinazichakata na kuziweka wazi. Unatafuta jina la mlipuko, unapata grafu yake.

Mimi nilianza hivyo hivyo, nikifundisha sekondari Iringa. Siku nilipowasilisha pendekezo langu la shahada ya uzamili, mhadhiri mmoja aliinua karatasi yangu akawaambia wenzake, "Wakulima wa viazi wanataka majibu, huyu anatuletea nyota." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwezi huu kazi yangu imekubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa. Simtaji mtu, ila orodha ya waliokubaliwa nimeipitia mara mbili na jina lake sikuliona.

Tuendelee. Kwa nini eksirei? Kwa sababu gama zenyewe zinapita chapuchapu, mara nyingi ni sekunde tu, na zamani vyombo vyake havikuweza kuonyesha sawasawa zimetoka wapi. Setilaiti za Vela za Marekani ziliunasa mlipuko wa kwanza mwaka 1967, na kwa miaka mingi wataalamu wakabishana: ni humu kwenye galaksi yetu au mbali huko? Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, ikanasa mlipuko, na masaa kama manane baadaye kamera zake za eksirei zikaelekezwa pale pale. Zikakuta kitu kinafifia. Darubini za ardhini, zinazotumia mwanga wa kawaida, zikafuata alama hiyo, na baadaye ikaonekana galaksi hafifu mahali hapo. Mwezi Mei mlipuko mwingine ukapimwa umbali: mabilioni ya miaka ya nuru.

Sasa chukua ule wa tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nutroni, yaani viini vilivyoshindiliwa vya nyota zilizokufa, ziligongana, mawimbi ya uvutano (mtikisiko wa anga lenyewe) yakafika, na sekunde 1.7 baadaye gama zikafuata. Eksirei? Kimya. Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyoko angani, ilikuja kuziona siku ya tisa, na zikazidi kupanda kwa miezi. Mkondo wa maada uliofyatuka haukutuelekea sisi; ulipopunguza kasi ndipo mwanga wake ukatanuka hadi kwetu, kama tochi ya kuzungusha kichwa. Gama peke yake zisingekuambia hayo.

Ushauri wangu: chagua mlipuko mmoja tu. Fungua grafu yake ya eksirei, yenye skeli za logariti, yaani kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Mara nyingi utakuta mwanzo unaporomoka kama ukuta, kisha panalala tambarare, kisha mteremko wa taratibu. Kwenye ile tambarare ndipo nilipomalizia usiku wangu, kwa maana wengi wanahisi katikati kuna kitu bado kinasukuma nishati, pengine magneta, nyota ya nutroni yenye sumaku kali kupita kiasi. Narudia, mmoja tu. Na usiikariri kanuni ya kwamba mlipuko unaozidi sekunde 2 ni nyota kubwa imeporomoka kwa uzito wake, na mfupi ni mgongano wa nyota. Ule wa Desemba 2021 ulidumu karibu dakika nzima, na bado ukaacha dalili za mgongano.

Vijana wa Nyanda za Juu Kusini, acheni kuomba ruhusa ya kuwa na akili! Anayekucheka hajafungua hata faili moja. Fungua wewe. Mlipuko mmoja, grafu moja, kila usiku.

Uliuliza pia kama laptop yako ya RAM 4 inatosha. Inatosha. Weka Python, lugha ya kuandikia programu; ile HEASoft, programu ya NASA ya kuchakata data za eksirei, iache kwanza, itakumalizia bando bure. Ukikwama niandikie jioni, mchana niko darasani.